Kuotesha, Kubandua, Kuhamisha: Uhakiki wa Maandishi Kuhusu Uimara na Upitishaji Umeme wa Grafini, kwa Kuzingatia Pwani ya Bagamoyo

Utangulizi

Pwani inayoanzia Kunduchi na Mbweni, ikapita Mbegani na Kaole hadi mji wa Bagamoyo na mdomo wa mto Ruvu, ni mahali pagumu kwa metali. Pale Nunge watu huvuna chumvi kwa kuacha maji ya bahari yakauke juani. Chumvi hiyohiyo, inapobebwa na upepo, hutua juu ya mabati, misumari, nondo, nyaya na mashine za boti. Kisha unyevu wa usiku huigeuza kuwa mmumunyo mwembamba unaopitisha umeme, na kutu hupata kila inachohitaji. Anayejenga nyumba Bagamoyo haulizi kama bati litashika kutu. Huuliza ni baada ya masika ngapi.

Uhakiki huu unayasoma maandishi ya kisayansi kuhusu grafini kutoka mahali hapo. Sababu ni madai mawili ambayo hayana mwandishi mmoja anayeweza kunukuliwa, lakini ambayo hurudiwa mara kwa mara katika semina na katika aya za kwanza za maandiko ya miradi. Dai la kwanza husema kwamba Tanzania ina kinywe kingi, kinywe ni rundo la tabaka za grafini, na kwa hiyo Tanzania ina grafini nyingi. Dai la pili husema kwamba grafini ni imara kuliko chuma, hupitisha umeme vizuri kuliko shaba, na haipenyeki hata na gesi. Kwa hiyo ndiyo kinga inayosubiriwa na metali za pwani. Namba zinazotajwa kuunga mkono madai haya ni za kweli. Kasoro iliyopo ni kwamba zimepimwa kwenye grafini ya aina moja na kubandikwa juu ya grafini ya aina nyingine, na maandishi ya kitaalamu yenyewe, kwa namna yanavyoandikwa, yanachangia kosa hilo. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba thamani ya uimara au ya upitishaji umeme wa grafini haina maana ikitenganishwa na historia ya utando uliopimwa: ulivyopatikana, ulivyoondolewa pale ulipozaliwa, na hewa uliyoishi ndani yake.

Suala la msamiati

Grafini ni utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, atomu zake zikiwa zimepangika mfano wa sega la nyuki. Maandishi ya kimataifa huzikusanya njia zote za kuipata chini ya majina mapana ya utengenezaji au ukuaji. Katika Kiswahili mkusanyo huo haukai vizuri, na mtafiti anaona kwamba ugumu huo una faida.

Kitenzi kuotesha kinafaa kwa njia mbili tu. Ya kwanza ni ile ambayo gesi ya methani hupitishwa juu ya bamba jembamba la shaba lenye joto la takriban nyuzi 1,000 za Selsiasi. Kaboni hutua, huanzisha mbegu huku na huku, kila mbegu hutanuka kuwa kisiwa, na visiwa hukutana hadi bamba lote likafunikwa. Ya pili ni ile ambayo fuwele ya kabidi ya silikoni huchomwa hadi silikoni ikavukiza na kuiacha kaboni ijipange yenyewe juu. Katika zote mbili kuna mbegu na kuna mahali pa kuoteshea, na ubora wa zao hutegemea udongo, kama ajuavyo mkulima yeyote wa mwani pale Mlingotini, ingawa udongo wake ni maji.

Lakini utando ambao Novoselov, Geim na wenzao waliueleza mwaka 2004, kazi iliyochangia kuwapatia Novoselov na Geim Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2010, haukuoteshwa. Ulibanduliwa kutoka kwenye kinywe kwa utepe wa gundi. Na kile kinachozalishwa kwa kukichakaza kinywe ndani ya asidi ya salfuriki na pamanganeti ya potasiamu, kwa njia iliyoelezwa na Hummers na Offeman mwaka 1958, hakikuoteshwa wala hakikubanduliwa kwa maana hiyo. Kimeoksidishwa, yaani kimepewa oksijeni hadi tabaka zikaachana. Kwa hiyo tasnifu ya Kiswahili inayouliza athari za njia za kuotesha grafini inalazimika kwanza kusema ni grafini ipi iliyooteshwa. Lugha inamzuia mwandishi mahali ambapo anastahili kuzuiwa.

Namba za mwaka 2008

Karibu kila andiko huanza na kipimo kilichochapishwa na Lee na wenzake mwaka 2008 katika jarida la Science. Walitandaza grafini iliyobanduliwa juu ya vishimo vyenye upana wa mikromita 1 hadi 1.5, kisha wakaisukuma katikati kwa ncha ya almasi hadi ikapasuka. Ukakamavu ulikuwa terapaskali 1.0, na mkazo wa kupasuka gigapaskali 130. Mwaka huohuo Bolotin na wenzake waliupima wepesi wa elektroni katika grafini iliyobanduliwa, ikaning'inizwa hewani na kusafishwa, wakapata zaidi ya sentimita mraba 200,000 kwa volti-sekunde katika baridi kali sana.

Kazi hizi mbili ni za mfano, na uhakiki huu hauna ugomvi nazo. Ugomvi ni na wanaozinukuu. Ncha iliyotumiwa na Lee na wenzake ina upana wa makumi ya nanomita, na mkazo mkubwa hukaa chini ya ncha hiyo peke yake. Kwa hiyo kilichopimwa ni uimara wa doa dogo kiasi kwamba uwezekano wa doa hilo kuwa na kasoro ulikuwa mdogo mno. Kitu chochote kinachovunjika huvunjika penye udhaifu wake mkubwa, na utando wenye upana wa mita moja una nafasi nyingi zaidi za kuwa na udhaifu huo kuliko doa la nanomita. Vivyo hivyo kwa Bolotin: elektroni zilisafiri kwa wepesi ule kwa sababu utando haukugusa kitu. Waya wa Bagamoyo hugusa kitu saa zote.

Tukilinganisha na zilizooteshwa, tofauti huonekana mara moja. Li na wenzake, walioonyesha mwaka 2009 namna ya kuotesha grafini ya eneo kubwa juu ya shaba, walitoa wepesi wa hadi 4,050 kwa vipimo vilevile, katika joto la kawaida. Emtsev na wenzake, waliotumia kabidi ya silikoni ndani ya gesi ya agoni mwaka huohuo, walifikia 2,000. Msomaji wa haraka angehitimisha kwamba kubandua ni bora kuliko kuotesha, na majedwali mengi ya ulinganisho yamejengwa juu ya hitimisho hilo. Kisha mwaka 2015 Banszerus na wenzake wakachukua grafini iliyooteshwa juu ya shaba, wakaiinua kikavu kwa kutumia fuwele ya naitraidi ya boroni badala ya kuiosha kwa kemikali, na wakapata hadi 350,000. Utando ulikuwa wa kuoteshwa, lakini wepesi wake ulishinda ule wa kubanduliwa. Kilichobadilika ni namna ya kuuhamisha. Jedwali lenye safu moja inayoitwa njia na safu ya pili inayoitwa wepesi haliwezi kuusema ukweli huu, kwa sababu halina mahali pa kuuandika.

Mishono

Mjadala ulio na mafunzo mengi zaidi kwa mhakiki ni ule wa mishono, yaani mistari ambayo visiwa vilivyootea kutoka mbegu tofauti hukutana. Kila kisiwa huwa kimeelekea upande wake, kwa hiyo pale vinapokutana masega hayalingani. Pembesita hubadilika kuwa pembetano na pembesaba ili nafasi izibwe. Huang na wenzake, mwaka 2011 katika Nature, walipiga picha za mishono hiyo na kuonyesha kwamba grafini iliyooteshwa ni kitambaa cha viraka. Walisema pia kwamba mishono inadhoofisha sana uimara, ilhali haiathiri upitishaji umeme kwa kiwango hichohicho. Ruiz-Vargas na wenzake, mwaka huohuo, waliusukuma utando wa aina hiyo kwa ncha na kuona ukipasuka kwenye mishono kwa nguvu ndogo sana ukilinganisha na utando uliobanduliwa.

Mtafiti anakiri kwamba aliposoma makala hizo mara ya kwanza alizikubali bila swali, kwa kuwa zilisema kile ambacho mtu yeyote wa pwani angekitarajia. Jahazi huvujia kwenye maungio ya mbao, si katikati ya ubao. Ndiyo maana fundi hutumia siku nyingi kwenye kalafati. Hata mtepe wa zamani, uliofungwa kwa kamba za nazi badala ya misumari, ulihukumiwa kwa mshono wake. Lakini ulinganisho unaomfurahisha msomaji unaweza pia kumlaza usingizi. Grantab, Shenoy na Ruoff walikuwa tayari wameonyesha kwa hesabu, mwaka 2010, jambo lisilotarajiwa: mishono yenye pembe kubwa, ambayo ina kasoro nyingi zaidi kwa kila nanomita, inaweza kuwa imara kuliko yenye kasoro chache, kwa sababu kasoro zilizosongamana hupunguziana mkazo. Ubao wa jahazi hauna tabia hiyo.

Mwaka 2013 Lee na wenzake walirudi na utando uliooteshwa juu ya shaba, wenye mishono, wakapata ukakamavu ulio sawa na wa utando uliobanduliwa na uimara uliopungua kidogo tu. Maelezo yao kuhusu kwa nini waliotangulia walipata udhaifu ndiyo kiini cha uhakiki huu. Ili kuitoa grafini kwenye shaba, wengi walikuwa wakiiyeyusha shaba kwa kloraidi ya chuma na kisha kuichoma polima ya kubebea katika hewa ya moto. Hatua hizo zilikuwa zikiushambulia utando, na hasa penye mishono, ambako vifungo vya kaboni vimekaza na viko tayari kujibu. Walipotumia pasalfeti ya amonia na mhuri wa mpira badala ya hizo, udhaifu ukatoweka. Kwa maneno mengine, kwa miaka miwili taaluma iliandika uimara wa mishono, wakati sehemu kubwa ya kilichopimwa ilikuwa jeraha la kuhamishwa.

Upande wa umeme maandishi hayakubaliani vilevile, na sababu inafanana. Yu na wenzake mwaka 2011 walipima mshono mmojammoja na kuona ukizuia mkondo waziwazi, tofauti na wepesi wa kauli ya Huang. Tsen na wenzake mwaka 2012 walionyesha kwamba hakuna mshono mmoja wa kuzungumzia: visiwa vilivyoungana vizuri hupitisha umeme takriban mara kumi zaidi ya vilivyoungana vibaya, na tofauti hiyo hutokana na hali ya uoteshaji, yaani kasi ya gesi na muda. Hapa njia ya kuotesha inaathiri kweli, na inaathiri kwa namna ambayo ukubwa wa visiwa pekee hauwezi kuieleza. Andiko linaloripoti ukubwa wa visiwa bila kusema vimeshonwaje limeripoti upana wa kitambaa na kukaa kimya kuhusu uzi.

Kuhusu kabidi ya silikoni yatosha kusema machache. Grafini yake haihitaji kuhamishwa, maana bamba lenyewe halipitishi umeme. Hilo ni jema kwa elektroniki. Lakini bamba ni ghali, na utando umeshikamana nalo kiasi kwamba swali la uimara wake pekee mara nyingi halina maana ya kiutendaji.

Kinywe na hesabu ya unene

Kinywe cha Tanzania hakiko Bagamoyo. Kiko Mahenge wilayani Ulanga, Ruangwa mkoani Lindi, na kwenye miamba ya Merelani kinakotokea pamoja na tanzanaiti; yote ni sehemu ya miamba mikongwe ya Ukanda wa Msumbiji. Pwani ya Bagamoyo ina kumbukumbu nyingine inayohusika, ile ya bidhaa kufika ghafi mabegani mwa wapagazi na kuondoka ghafi kwa jahazi, na pengine ndiyo sababu neno uongezaji thamani hupokewa hapa bila maswali. Swali la kuuliza ni hili: thamani ipi huongezwa kinywe kinapokuwa grafini, na kwa njia gani?

Kwa tani nyingi, njia zilizopo ni za kusaga tabaka ndani ya kimiminika au kuzioksidisha. Paton na wenzake mwaka 2014 walionyesha kwamba hata msukosuko wa blenda ya jikoni unatosha kuziachanisha tabaka ndani ya maji yenye sabuni. Matokeo ya kibiashara, hata hivyo, yanahitaji kusomwa kwa makini. Kauling na wenzake mwaka 2018 walichunguza sampuli za wazalishaji 60 duniani na kukuta kwamba nyingi zilikuwa na chini ya asilimia 10 ya grafini, na hakuna iliyovuka asilimia 50. Kilichobaki kilikuwa unga laini wa kinywe. Mnunuzi aliyelipia terapaskali moja alipewa kitu ambacho Mahenge ingemuuzia kwa bei ya kinywe.

Oksaidi ya grafini inahukumiwa vibaya kwa sababu tofauti, na hapa mhakiki lazima aitetee. Suk na wenzake mwaka 2010 walipata ukakamavu wa gigapaskali 207.6 kwa tabaka moja la oksaidi. Maandishi mengi huiweka namba hiyo kando ya terapaskali 1.0 na kusema kwamba oksidisho limepoteza takriban asilimia 80 ya ukakamavu. Lakini mkazo hupatikana kwa kugawanya nguvu kwa unene, na unene wa kitu cha atomu moja ni kitu cha kukubaliana. Kwa grafini hutumika nanomita 0.335, ambayo ni nafasi kati ya tabaka za kinywe. Suk na wenzake walitumia 0.7 kwa oksaidi, kwa kuwa oksijeni huutanua utando. Tukiondoa unene katika hesabu, grafini hubaki na niutoni 335 hivi kwa kila mita ya upana, na oksaidi 145. Hasara ni kubwa, lakini ni chini kidogo ya asilimia 60. Kinachobaki kati ya namba hizi mbili hakikupotezwa na asidi. Kilipotezwa na kikokotoo. Mtafiti hajaona sababu kwa nini watahini waendelee kuyapokea majedwali ya gigapaskali yasiyotaja unene uliodhaniwa.

Upande wa umeme hakuna utetezi wa aina hiyo. Oksijeni hukata njia za elektroni, na oksaidi ni kihami. Kuirudisha kwa joto au kemikali hurejesha upitishaji kwa sehemu, huku matundu yakiachwa pale kaboni ilipoondoka pamoja na oksijeni. Gómez-Navarro na wenzake mwaka 2008 walipata ukakamavu wa terapaskali 0.25 kwa tabaka zilizorudishwa, na upana wa kutokuwa na uhakika wa 0.15. Upana huo, ambao wanukuu wengi huuacha, una habari kuliko wastani wenyewe: unaonyesha kwamba kila kipande kimetoka kwenye asidi na majeraha yake.

Shaba iliyofunikwa

Tunafika kwenye dai la kinga, ambalo ndilo linaloihusu pwani moja kwa moja. Msingi wake wa kinadharia ni imara. Bunch na wenzake mwaka 2008 walionyesha kwamba grafini iliyobanduliwa haipitishi hata heliamu. Chen na wenzake mwaka 2011 waliotesha grafini juu ya shaba, wakaichoma katika hewa, na kuona shaba iliyofunikwa ikibaki inang'aa wakati ile tupu ikibadilika rangi. Prasai na wenzake mwaka 2012 waliripoti kwamba shaba iliyooteshewa grafini ililika polepole mara saba kuliko ile tupu. Waliripoti pia jambo linalostahili kunukuliwa zaidi kuliko linavyonukuliwa: nikeli iliyooteshewa tabaka kadhaa za grafini ililika polepole mara 20, ilhali nikeli iliyowekewa tabaka nne za grafini iliyohamishwa kutoka kwingine ililika polepole mara nne tu. Tabaka zenyewe hazikutofautiana kwa kiasi hicho. Njia ya kuzifikisha pale ndiyo iliyotofautiana.

Msomaji wa Bagamoyo ana swali kuhusu majaribio haya kabla hajauliza kuhusu grafini. Mmumunyo uliotumiwa na Prasai na wenzake ulikuwa wa salfeti ya sodiamu. Bahari ya Hindi ni ya kloraidi, na kloraidi ndiyo hupenya na kuvunja ngozi ya oksaidi inayoilinda metali. Jaribio la Chen na wenzake lilikuwa la joto kali na muda mfupi. Kutu ya pwani ni ya joto la kawaida na muda mrefu. Hakuna kosa katika majaribio hayo. Kosa huzaliwa pale neno kinga linapokatwa kutoka kwenye mmumunyo na saa zake.

Mwaka 2013 makala mbili ziliweka muda huo mezani. Schriver na wenzake, na kwa upande mwingine Zhou na wenzake, waliiacha shaba yenye grafini katika hewa ya kawaida kwa miezi. Mwanzoni grafini ililinda. Baadaye shaba iliyofunikwa ikawa imeharibika zaidi ya ile tupu. Sababu yake ni ya kielektrokemia, na kila fundi aliyewahi kuona msumari wa chuma ukiliwa kando ya kipande cha shaba anaifahamu kwa macho. Grafini ni kipitishi kisicholika. Penye tundu au mshono uliopasuka, shaba iliyo wazi hulika, na elektroni zake husafiri kwenye utando mzima na kukutana na oksijeni popote pale juu yake. Eneo dogo linalolika linahudumia eneo kubwa linalopokea, kwa hiyo mmeng'enyo hukaza mahali pamoja na kuendelea chini ya utando. Shaba tupu hujijengea ngozi ya oksaidi inayoipunguzia kasi kutu. Shaba iliyofunikwa vibaya hunyimwa hata hiyo.

Hapa ndipo sifa mbili ambazo maandishi huzisifu pamoja zinapogombana. Upitishaji umeme ulio bora, unaotajwa katika utangulizi kama fadhila, ndio unaoharakisha kutu katika sura ya matokeo. Mtafiti hajakutana na utangulizi wowote unaolikiri hilo.

Je, kuotesha vizuri zaidi kunatosha? Kwa sehemu, ndiyo. Xu na wenzake mwaka 2018 walionyesha kwamba pale atomu za uso wa shaba zinapolingana na masega ya grafini, utando hushikamana na bamba kiasi kwamba maji hayapati njia ya kupita kati yao, na shaba ililindwa kwa zaidi ya miaka miwili na nusu katika hewa yenye unyevu. Juu ya shaba ambayo uso wake umekatwa kwa mwelekeo usiolingana, grafini ileile ilishindwa. Haya ni matokeo makubwa, na yanathibitisha kwamba mahali pa kuoteshea si jambo la pembeni. Lakini waya na bomba vinavyouzwa dukani ni mkusanyiko wa fuwele ndogo zilizoelekea kila upande. Kinga inayohitaji bamba zima liwe fuwele moja ni kinga ya bamba la maabara.

Kwa mahitaji ya pwani, mtafiti anaona kwamba kipaumbele kinachotolewa na maandishi kinapaswa kugeuzwa. Paa la makuti halina ukuti hata mmoja usiopenyeka. Linazuia mvua kwa sababu makuti yamelaliana, na tone linalotaka kuingia lazima lizunguke mara nyingi kabla ya kufika ndani. Vipande vya oksaidi ya grafini vilivyochanganywa kwenye rangi hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: maji na kloraidi hurefushiwa safari. Na kwa kuwa oksaidi ni kihami, haigeuki kuwa pacha wa umeme anayeila shaba. Kipimo cha upitishaji umeme, ambacho kwa elektroniki kingeiweka oksaidi mkiani, hapa kinaipandisha mbele. Njia inayodharauliwa, ambayo pia ndiyo inayokubali kinywe cha Mahenge kama malighafi, inaweza kuwa na nafasi zaidi Mbegani kuliko utando uliooteshwa kwa gharama kubwa. Mtafiti anasema inaweza, kwa sababu rangi ya aina hiyo nayo hutegemea vipande vilale bapa na visibaki na kinywe kinachopitisha umeme; na onyo la Kauling na wenzake kuhusu usafi wa bidhaa lina uzito wa pekee hapa, maana kinywe kilichobaki ndani ya rangi kitaifanyia metali kile ambacho grafini yenye matundu iliifanyia shaba.

Jaribio linalofuata kutokana na uhakiki huu halihitaji vyombo adimu. Mabamba ya shaba ya aina moja yatundikwe kwenye fremu ya mbao karibu na maji, mfano pale Mbegani, kuanzia mwanzo wa kaskazi, yapite masika, na yaachwe hadi kusi imalizike: moja likiwa na grafini iliyooteshwa papo hapo, la pili likiwa na grafini iliyohamishwa, la tatu likiwa limepakwa rangi yenye oksaidi iliyotokana na kinywe cha nchini, la nne rangi hiyohiyo bila oksaidi. Uzito na ukinzani wa kila bamba upimwe kila mwezi, na picha za mishono zichukuliwe kabla na baada. La tano liachwe tupu, lisisuguliwe wala kufutwa, na litundikwe katikati ya mengine na si pembeni, ili upepo wa chumvi ulifikie kama unavyoyafikia hayo manne.